Kuthibitisha na Kuthibitishwa: Istilahi za Safari ya Mwanahisabati kutoka Rungwe hadi Chuo Kikuu

Utangulizi

Mji wa Tukuyu, ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, umejengwa katika miinuko ya wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, katikati ya migomba, chai na, siku hizi, miparachichi. Elimu ya shule si jambo geni hapa. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na leo wilaya hiyo ina shule nyingi za sekondari pamoja na vyuo vya ualimu vya Tukuyu na Mpuguso. Mtoto wa huku mara nyingi huanza maisha kwa Kinyakyusa, akaingia darasani kwa Kiswahili, na akifika kidato cha kwanza akatakiwa kufikiri kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtu akitaka kuchunguza jinsi istilahi zinavyomsaidia au zinavyomkwaza kijana anayepanda ngazi za elimu, hapa ni mahali pafaapo.

Makala haya yametokana na tukio dogo. Mwalimu mmoja wa hisabati wa wilayani, ambaye tumemfahamu kwa miaka mingi, aliomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilimtaka ataje watu watatu wa kumshuhudia. Yeye, kama ilivyo desturi yetu, alilitafsiri neno hilo kichwani mwake kuwa "wadhamini". Basi akaandika jina la mjomba wake mwenye duka, la mchungaji wake, na la mtendaji wa kata. Wote watatu walimwandikia barua nzuri: kwamba ni mtu mwaminifu, hana deni kwa mtu, na hajapata kushtakiwa. Nafasi akaikosa. Mwaka uliofuata aliwataja walimu waliomfundisha aljebra na takwimu katika shahada ya kwanza, akaipata. Hatuwezi kudai kwamba barua peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, lakini mwenyewe alituambia hivi: "Mimi nilidhani wanataka kujua nani atanilipia nikishindwa."

Maneno hayo yalitufikirisha. Kwa kawaida tunapozungumzia istilahi za hisabati tunafikiria majina ya maumbo na ya namba. Hatufikirii majina ya watu, vyeo na taratibu ambazo mwanafunzi hukutana nazo akisha kupita shahada ya kwanza. Katika makala haya tutajaribu kuyapima baadhi ya maneno hayo, tuone yanabeba maana gani kutoka maisha ya kawaida, na maana hizo zinamsaidia vipi au zinampotosha vipi kijana anayetaka kuwa mwanahisabati.

1. Istilahi tulizo nazo na mahali zinapokomea

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, mwaka uleule ambao Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Matokeo yake ni kwamba hisabati ya shule ya msingi imepata msamiati kamili. Mtoto wa Kiwira au wa Katumba anajua kipenyo, nusu kipenyo na mzingo wa duara. Anajua kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika. Anatofautisha namba shufwa, namba witiri na namba tasa.

Yafaa tutue kidogo hapa, kwa kuwa maneno haya matatu ya mwisho yanatufundisha jambo juu ya istilahi. Shufwa na witiri yametoka katika Kiarabu, na Waislamu wengi wanayajua katika majina ya sala kabla ya kuyajua katika namba. Tasa ni neno letu la siku nyingi, lenye maana ya asiyezaa. Mtu akilifuata neno hilo kwa asili yake atapotea. Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika kwa ukamilifu ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama vile 2, 3, 5, 7 na 11. Namba nyingine zote kubwa kuliko 1 hupatikana kwa kuzidisha namba tasa: 12 ni 2 mara 2 mara 3. Kwa hiyo namba tasa ndizo hasa zinazozaa nyingine! Hata hivyo hatupendekezi neno hili libadilishwe. Limekwisha kukaa, na vizazi vya wanafunzi vimelizoea. Funzo lake ni kwamba istilahi ni makubaliano, nayo husimama kwa fasili yake. Asili ya neno ni mlango tu wa kuingilia, na mlango mwingine huelekea upande usio wa nyumba.

Msamiati huo unakomea darasa la saba. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na chuo kikuu mwaka 1991, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Hivyo hisabati ya juu haikupata haja ya kutafutiwa maneno, na haikuyapata. Wakati huohuo hisabati yenyewe imekuwa mlima kwa wengi: katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, kiasi cha mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyefaulu somo hilo. Hatusemi kwamba lugha ndiyo sababu pekee. Tunasema kwamba anayevuka hapo, na akaendelea hadi shahada za juu, huwa amezoea kuyaokota maneno ya Kiswahili kutoka ofisini, shambani na mahakamani ili ajieleze mambo ambayo hakuna aliyemweleza.

2. Kanuni, kisio na thioremu

Shuleni mwanafunzi hufundishwa "kanuni". Kanuni ya eneo la pembetatu, kanuni ya Pythagoras, kanuni ya riba. Katika Kiswahili cha kawaida kanuni ni jambo lililowekwa ili lifuatwe: kanuni za mchezo, kanuni za afya, kanuni za chama. Haliulizwi, hufuatwa. Mwanafunzi hodari wa kidato cha sita ni yule anayezijua kanuni nyingi na kuzitumia upesi.

Akifika shahada ya uzamili mambo hugeuka. Hapo haulizwi tena kama anaijua kanuni. Huulizwa kwa nini ni kweli, na je, itabaki kuwa kweli tukiondoa sharti moja. Wengi waliokuwa wa kwanza darasani hujikwaa hapa, wakadhani wamepungukiwa akili, na kumbe wamepungukiwa neno. Kwa kuwa neno "kanuni" linafunika vitu viwili visivyofanana, kitu cha kutumia na kitu cha kuthibitisha, mwanafunzi haoni kwamba kazi aliyopewa imebadilika.

Tunapendekeza kauli iliyokwisha kuthibitishwa kwa hoja iitwe "thioremu". Tungependa neno lenye asili ya karibu zaidi, lakini "nadharia", ambalo wengine hulitumia, limekwisha kupewa kazi nyingine: nadharia ni mkusanyiko mzima wa mawazo yanayoelezea jambo, na mtaani nadharia ni maneno yasiyo na vitendo. Thioremu ni kinyume kabisa cha hayo.

Kwa kauli inayoaminiwa kuwa kweli lakini bado haijathibitishwa, tunapendekeza "kisio", kutokana na kukisia. Neno hili lina ndugu yake katika makisio ya bajeti, nalo linabeba sawasawa maana ya kukadiria kwa kufuata dalili. Mfano mzuri ni kisio la Goldbach, lililotokana na barua aliyomwandikia Euler mwaka 1742: kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. 8 ni 3 na 5. 20 ni 7 na 13. 100 ni 47 na 53. Mtoto wa darasa la sita pale Tukuyu anaweza kulifahamu swali hili lote kwa Kiswahili, bila kuongezewa neno hata moja. Na hadi leo hakuna mtu duniani aliyelithibitisha. Huenda hiyo ndiyo njia bora ya kumfahamisha kijana maana ya utafiti wa hisabati: kwamba yako maswali ambayo majibu yake hayapo mwishoni mwa kitabu chochote.

3. Uthibitisho: hoja au muhuri?

Sasa tumefikia neno lililo kiini cha makala haya. Kuthibitisha ni kufanya jambo liwe thabiti, na katika hisabati hakuna neno lililo bora zaidi. Lakini tuangalie mahali ambapo kijana wetu huwa amekwisha kulisikia. Nakala ya cheti huthibitishwa na wakili kwa muhuri. Habari huthibitishwa na msemaji wa mamlaka. Mtumishi huthibitishwa kazini baada ya muda wa majaribio. Katika mifano yote hii, anayethibitisha ni mwenye cheo, na jambo likisha kupita mikononi mwake halihojiwi tena.

Uthibitisho wa hisabati hauna cheo. Tuchukue kauli rahisi: jumla ya namba witiri mbili ni shufwa. Mwanafunzi atajaribu 3 na 5, apate 8. Atajaribu 7 na 9, apate 16. Kisha atasema amethibitisha. Hajathibitisha, amejaribu mara mbili tu. Lakini akisema hivi: kila namba witiri ni kama ndizi zilizopangwa mbilimbili ikabaki moja, tukizikusanya ndizi za namba witiri mbili, zile mbili zilizobaki zinafanya jozi yao, wala haibaki ndizi pekee, basi jumla ni shufwa — huyo amethibitisha. Hoja yake inashika namba zote kwa mara moja, hata zile ambazo hakuna atakayezihesabu. Na hoja hiyo ni ileile, ikitolewa na profesa au na mtoto wa muuza ndizi wa Tukuyu.

Kwamba majaribio hayatoshi kunaonekana katika mfano mmoja mashuhuri unaohusishwa na Euler. Chukua namba yoyote kuanzia 0, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba hiyohiyo, kisha ongeza 41. Ukianza na 0 utapata 41. Ukianza na 1 utapata 43. Ukianza na 2 utapata 47. Na zote ni namba tasa. Endelea hadi 39, nawe utapata 1601, ambayo nayo ni tasa. Mara 40 mfululizo kauli imekubali! Karani yeyote angekwisha kupiga muhuri. Lakini ukiweka 40 utapata 1681, ambayo ni 41 mara 41.

Je, tutafute neno jingine lisilonuka ofisi? Wako wanaopendekeza "ithibati", nalo ni neno zuri. Bahati mbaya nalo limekwisha kuajiriwa: siku hizi ithibati ni kibali ambacho chuo hupewa na Tume ya Vyuo Vikuu ili kitambulike. Tukilitumia katika hisabati tutakuwa tumehama ofisi moja na kuingia nyingine. Maoni yetu ni kwamba "uthibitisho" libaki, ila kila kitabu na kila mwalimu alitolee fasili mara linapotumika kwa mara ya kwanza: uthibitisho ni mfululizo wa hoja, kila moja ikitokana na zilizotangulia, ambao msomaji yeyote aweza kuukagua mwenyewe. Maneno matatu ya mwisho yasiachwe. Hayo ndiyo yanayomfanya kijana athubutu kumwambia mwalimu wake, kwa adabu, "Mwalimu, hatua hii ya tatu sijaiona inavyotokea." Kwa kijana aliyelelewa vizuri Rungwe, kusema hivyo mbele ya mkubwa si jambo jepesi. Lakini bila hilo hakuna uzamivu.

4. Msimamizi

Anayemwongoza mwanafunzi katika kuandika tasnifu tunamwita "msimamizi". Wanyapara wa mashamba ya chai nao ni wasimamizi. Anayezunguka darasani wakati wa mtihani ni msimamizi. Na mali ya marehemu ina msimamizi wa mirathi. Wote hawa wana jambo moja: wapo ili kosa lisitendeke. Hawafanyi kazi yenyewe, wala hawafundishi.

Tumewaona vijana wanaomwogopa msimamizi wao hata wakakaa miezi mitatu bila kumwendea, kwa sababu hawana jambo la kumwonyesha. Walidhani wataingia kwake siku kazi itakapokuwa imekamilika, kama mchumaji apelekaye kapu la chai kwenye mizani. Kumbe desturi ya elimu hii ni kwamba mwanafunzi humwendea msimamizi hasa anapokuwa amekwama. Anapeleka ukurasa mmoja, anaeleza alichojaribu, anaonyesha mahali palipomshinda. Hapo ndipo mafunzo yalipo.

Wajerumani, katika lugha yao, humwita mtu huyu kwa neno lenye maana ya baba wa udaktari, na wanahisabati hupenda kuhesabu nasaba zao za kielimu kwa njia hiyo: fulani alifunzwa na fulani, naye na fulani. Kwetu neno "baba" lingeongeza hofu badala ya kuipunguza. "Mlezi" lingefaa kwa maana, lakini limekwisha kuzoeleka kwa viongozi wa heshima wa vyama na vikundi. Kwa hiyo tunapendekeza "msimamizi" libaki katika hati, na katika maelezo kwa wanafunzi liambatane na neno "mwelekezi": anayejua njia, anayeonyesha mwelekeo, lakini miguu ni ya msafiri.

5. Mdhamini na mshuhudiaji

Tumekwisha kuona madhara ya neno "mdhamini". Katika Kiswahili mdhamini humtoa mtu rumande, humwekea dhamana ya mkopo, au hugharimia mashindano. Yeye hutoa mali yake au jina lake lisimame badala ya la mwingine. Anayeombwa kuandika barua juu ya mwombaji wa uzamili hafanyi lolote kati ya hayo. Anachoombwa ni ushahidi wa kitaalamu: je, kijana huyu nilimfundisha nini, alifanya nini, alipopewa swali gumu alifanyaje, na je, ataweza kufanya utafiti peke yake?

Tunapendekeza mtu huyo aitwe "mshuhudiaji wa kitaaluma". Ni refu kidogo, lakini linasema kazi. Neno "shahidi" tumeliacha kwa sababu ya mahakama. Na kwa faida ya msomaji aliye njiani tuongeze mambo mawili. La kwanza, mshuhudiaji awe mtu aliyeiona kazi yako ya hisabati kwa macho yake, hata kama cheo chake ni kidogo. Barua fupi ya mhadhiri aliyekufundisha ina uzito kuliko barua ndefu ya mkubwa asiyekufundisha. La pili, aombwe mapema, apewe nakala ya matokeo yako na maelezo ya unakoomba, wala asiandikwe jina lake bila ridhaa.

6. Rika

Katika miaka ya 1930 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, na Monica Wilson akaeleza kwa kirefu jinsi vijana wa umri mmoja walivyojenga na kuishi katika vijiji vyao wenyewe, wakikua pamoja na kukosoana wao kwa wao. Neno la Kiswahili kwa watu kama hao ni "rika", nalo tunalihitaji sana katika msamiati wa elimu ya juu.

Makala ya mwanahisabati yakipelekwa kwenye jarida hayapitiwi na serikali wala na mhariri peke yake. Hupelekwa kwa wanahisabati wengine wa uwanja huohuo, ambao mara nyingi majina yao hufichwa, nao huyasoma mstari kwa mstari. Utaratibu huu siku hizi umeanza kuitwa "mapitio rika", na sisi tunauunga mkono, kwa sharti kwamba fasili iwe wazi: hapa rika ni la ujuzi, wala si la umri. Kijana wa miaka 27 aweza kuyapitia makala ya mzee wa miaka 60, na mzee akakubali kusahihishwa. Asiyelifahamu hili huipokea barua ya mapitio kama tusi. Tunajua waliopokea kurasa mbili za masahihisho wakayaweka makala yao sandukuni kabisa, na kumbe masahihisho hayo yalikuwa ndiyo mlango wa kuchapishwa.

Rika lina kazi ya pili pia. Hisabati huonekana kama kazi ya upweke, lakini mwanafunzi asiye na wenzake wa kusoma nao huchoka haraka. Ndiyo maana vyama na mipango ya pamoja imekuwa na thamani kubwa. Chama cha Hisabati Tanzania, yaani CHAHITA, kilianzishwa mwaka 1966. Mwaka 2002 vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere viliungana katika mpango wa hisabati wa Afrika Mashariki, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, ili wanafunzi wa uzamili na uzamivu wakutane, wafundishwe pamoja na kusimamiwa kwa kushirikiana. Mwaka 2014 taasisi ya AIMS, iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003, ilifungua kituo Bagamoyo kwa ajili ya shahada ya uzamili. Na mjini Trieste, Italia, kiko kituo cha kimataifa kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, ambacho kimewapokea wanasayansi wengi wa nchi zinazoendelea. Kijana wa Rungwe asiyejua majina haya si mjinga, ila hajaambiwa.

7. Kuthibitishwa kazini

Mwisho wa masomo ni mwanzo wa kazi, na hapa ngazi zina majina yaliyokwisha kuzoeleka: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Lililo gumu ni la ngazi ya chini kabisa, la yule aajiriwaye na shahada ya kwanza tu. Wengi humwita "mkufunzi msaidizi". Lakini Tukuyu na Mpuguso mkufunzi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, mtu mzima mwenye hadhi kamili. Kumwita kijana wa mwaka wa kwanza kazini msaidizi wa mkufunzi, hali hakuna mkufunzi anayemsaidia, kunachanganya. Tunapendekeza "mwanagenzi wa uhadhiri". Mwanagenzi ni anayejifunza kazi kwa kuifanya, na ndivyo ilivyo: anafundisha mazoezi, huku akitarajiwa kusomea uzamili.

Mwombaji na ajue masharti mapema. Matangazo ya kazi za uhadhiri katika vyuo vikuu vya umma kwa kawaida hudai wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na 4.0 katika uzamili. Maana yake ni kwamba mlango wa uhadhiri huanza kufunguka au kufungwa tangu mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza, wakati ambapo vijana wengi hata hawajajua kama mlango huo upo. Na aliyesoma kwa mkopo wa serikali ajue kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 makato ya marejesho yamekuwa asilimia 15 ya mshahara.

Katika utumishi wa umma mwajiriwa mpya huwekwa katika majaribio kwa miezi 12, kisha huthibitishwa. Hapo lile neno letu linarudi. Kijana aliyethibitishwa kazini hupumua, naye ana haki ya kupumua, kwa kuwa nyumbani wako wanaomtegemea. Lakini kuna hatari iliyojificha katika neno. Aliyekwisha kuthibitishwa na ofisi huweza kudhani kwamba amethibitika, akaacha kuthibitisha. Vipindi vya kufundisha ni vingi, vikao ni vingi, na utafiti haupigi hodi. Hupandishwi ngazi kwa muhuri ule wa kwanza. Hupandishwa kwa makala yaliyochapishwa na kupitiwa na rika. Ndiyo sababu tunawashauri vijana watenge angalau asubuhi moja katika juma kwa ajili ya hisabati yao wenyewe, waitetee kama mkulima anavyotetea mpaka wa shamba lake.

Istilahi zinazopendekezwa

Kisio: kauli ya hisabati inayoaminiwa kuwa kweli kwa dalili, ambayo bado haijathibitishwa.

Thioremu: kauli ya hisabati iliyokwisha kuthibitishwa kwa hoja.

Uthibitisho: mfululizo wa hoja, kila moja ikitokana na zilizotangulia, ambao msomaji yeyote aweza kuukagua mwenyewe.

Kanuni: maelekezo ya kukokotoa, yatumikayo baada ya thioremu yake kuthibitishwa.

Msimamizi au mwelekezi: mtaalamu amwongozaye mwanafunzi katika utafiti na uandishi wa tasnifu.

Mshuhudiaji wa kitaaluma: mtu aliyeiona kazi ya mwombaji na kuombwa kuieleza kwa barua.

Mapitio rika: ukaguzi wa makala unaofanywa na wajuzi wa uwanja huohuo kabla hayajachapishwa.

Mwanagenzi wa uhadhiri: mwajiriwa wa chuo kikuu mwenye shahada ya kwanza, anayefundisha huku akiendelea na masomo.

Mtafiti wa baada ya uzamivu: mtu aliyemaliza uzamivu na kuajiriwa kwa muda maalumu afanye utafiti kabla ya kupata kazi ya kudumu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kijana anayeiacha Rungwe kwenda kusomea hisabati hakwamishwi na maneno magumu tu. Mara nyingine hukwamishwa na maneno mepesi, ambayo alidhani anayajua: kanuni, uthibitisho, msimamizi, mdhamini. Kila moja limemfuata kutoka nyumbani likiwa na mzigo wake. Wajibu wetu wa kwanza ni kutoa fasili, na kubuni maneno mapya kufuate pale tu fasili inaposhindwa.

Tunawaomba walimu wa hisabati, wakufunzi wa vyuo vya ualimu, wahadhiri, na hasa wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliomo njiani, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya. Yako ambayo yatakataliwa, na hilo si neno. Yule mwalimu tuliyemtaja mwanzoni sasa anaandika tasnifu yake. Tulipomwuliza kama neno "mshuhudiaji" lingemsaidia wakati ule, alicheka, akasema lingemwokolea mwaka mmoja.

Mwaka mmoja wa kijana si kitu kidogo.